Mgonjwa wa kiharusi anageuzwa kila baada ya saa mbili, mbona kidonda cha kulalia bado kimetokea?

#1 MleziMigosi
Salamu wadau. Mzee wa miaka 71, kilo 80 hivi, kiharusi upande wa kushoto. Alilazwa wiki tatu, akaruhusiwa siku nne zilizopita. Ana mpira wa pua wa kulishia na mpira wa mkojo. Kitanda ni cha mbao, godoro la haidensiti (sponji nzito) la inchi 6, juu yake nailoni, kisha shuka. Anageuzwa kila baada ya saa mbili: mgongo, kulia, mgongo, kushoto. Chati inajazwa mchana na usiku.

Jana asubuhi pale kwenye mfupa wa mkia imeonekana alama ya zambarau inayokaribia weusi, upana wa sarafu ya shilingi 20, ngumu ukiigusa, ngozi haijapasuka. Familia inamlaumu mlezi wa usiku. Mimi nashuku nailoni na hili joto la Kisumu. Mnaonaje?

#2 SistaMstaafu
Nailoni haileti rangi ya zambarau. Nailoni inaleta jasho, na jasho linaleta ngozi laini inayochubuka. Zambarau na ugumu ni nyama ya ndani iliyokosa damu. Madhara ya aina hiyo huanza chini, karibu na mfupa, halafu yanachukua saa 48 hadi 72 kabla ya ngozi ya juu kuonyesha chochote. Hesabu kurudi nyuma kutoka jana asubuhi. Alikuwa wapi?

#3 Section58
Sista, ukihesabu kurudi nyuma unafika siku ile ile ya kuruhusiwa au kesho yake. Usiwaruke wenye nyumba haraka.

Lakini siku ya kuruhusiwa yenyewe ni ya kuangaliwa. Mgonjwa anavalishwa asubuhi, analazwa chali kwenye machela au kitanda kisicho na shuka akingoja bili ifungwe, karatasi za SHA (bima ya afya ya serikali) zipite, dawa zitoke, gari lipatikane. Saa tano au sita zinapita na hakuna anayemgeuza, kwa sababu wodi inamhesabu kama ameshaondoka na nyumbani bado hajafika. Kisha anaegeshwa kiti cha nyuma cha gari, nusu kukaa nusu kulala, na barabara yenye matuta. Hapo mkia umebeba kila kitu.

#4 Jatelo
Hakuna aliyeisoma chati? Mgongo, kulia, mgongo, kushoto. Kila saa nane, nne ziko mgongoni. Kwa siku ni saa 12 juu ya mfupa ule ule. Mlezi wa usiku anaweza kuwa mwaminifu kama saa ya ukutani na kidonda bado kitokee, kwa sababu ratiba ndiyo yenye kasoro.

Mpeni kulia, kushoto, kulia, kushoto, mgongo uwe wa kupita tu. Upande aliopooza mpunguzieni muda, saa moja hadi moja na nusu, kwani hasikii maumivu ya kumwambia asogee, na bega la upande huo huumia likilaliwa vibaya.

#5 NyarSeme
Jatelo umepiga hesabu nzuri ila haijakamilika. Ana mpira wa pua. Milo ni mingapi kwa siku?

#6 MleziMigosi
Sita. Saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili jioni, saa tatu usiku. Mililita 250 kila mlo. Anainuliwa kichwa kwa mito.

#7 NyarSeme
Basi tazama. Kulisha kwa kudondosha polepole ni kama dakika 20. Baada ya hapo abaki ameinuka dakika 30 hadi 60 ili chakula kisirudi na kuingia mapafuni. Chukua saa moja na dakika 20 mara sita: ni saa 8 kwa siku ameegemea mito, na kwa mito mtu hakai, anateleza. Ngozi ya mkia inabaki imenata kwenye shuka, mfupa unashuka na mwili, mishipa midogo katikati inavutwa na kujikunja. Huo mvuto ni mbaya kuliko kulalia tu.

Na hizo saa 8 sidhani kama zimo kwenye chati yenu. Nadhani zimeandikwa "amelishwa".

#8 MleziMigosi
Ni kweli, zimeandikwa hivyo.

#9 MamaShinyalu
Nyar Seme ametaja ugomvi wa zamani. Kwa kidonda unaambiwa usiinue kichwa zaidi ya digrii 30. Kwa mpira wa pua unaambiwa usishushe chini ya digrii 30. Zinakutana pale pale kwenye 30, na mito ya nyumbani haina kipimo.

Njia inayofanya kazi kwa kitanda cha mbao ni kuinua kifua na kichwa chake tu, si kitanda chenyewe. Ukiweka matofali miguu ya juu, mwili mzima unateleza kwenda chini, kwa hiyo heri ubao wa kuegemea au kabari ya sponji ngumu, halafu ANZA NA MAGOTI. Weka mto chini ya mapaja kwanza, magoti yapinde kidogo, ndipo uinue kichwa. Ukianza na kichwa ameshateleza kabla hujafika magotini. Mlo ukiisha na muda umepita, shusha kichwa kwanza, kisha toa mto wa magoti.

Tena si lazima alishwe akiwa chali. Mlaze ubavu wa kulia, kichwa na kifua juu digrii 30, mlishe hivyo hivyo. Mkia uko hewani na tumbo linashusha chakula vizuri.

#10 Menengai77
Mnahesabu masaa kama makarani. Swali langu ni moja: mkono unapita?

Akishageuzwa, mtelezeshee mkono chini ya matako, kiganja juu. Kama mfupa wa mkia bado umegusa godoro, hajageuzwa. Amegeuzwa mabega. Kwa mtu wa kilo 80 na mlezi mmoja hicho ndicho kinachotokea: bega linavutwa, mto unasukumwa mgongoni, picha inapendeza, na nyonga haijasogea hata inchi. Chati inajazwa "kushoto" na mkia uko pale pale tangu saa nne usiku.

Mto uanzie chini ya mbavu uishie chini ya tako, si nyuma ya mabega. Mwili ulale kwa digrii 30, usiwe 90. Ukimlaza ubavu kamili mfupa wa nyonga unapokea mzigo wote na mtakuja kufungua uzi mwingine wa nyonga.

#11 Section58
Naunga mkono namba 10. Na kumvuta kwa makwapa kumpandisha juu ya mto ni kumchuna. Tumia shuka ya kuvutia: kunja shuka mara mbili, iende kutoka mabegani hadi katikati ya mapaja, watu wawili, mmoja kila upande, kunja kingo zifike karibu na mwili, hesabu moja mbili tatu, INUA kisha sogeza. Mtu mmoja asijaribu kumpandisha kilo 80 peke yake. Leso mbili zilizoshonwa pamoja zinatosha kama shuka ni nyembamba.

#12 FundiSponji
Nyote mmeruka godoro. Inchi 6 za haidensiti ni sawa kwa mtu mzima anayejigeuza. Kwa mtu asiyejigeuza ni kama benchi. Na kama limetumika miaka, katikati limebonyea. Kipimo: lala mwenyewe pale anapolala, au bonyeza kwa ngumi. Ukihisi mbao, mgonjwa anazihisi pia.

Godoro la hewa la kubadilishana ndilo dawa. Yako mawili mnayoyaona madukani: la mapovu na la mirija. La mapovu ni bei nafuu, lakini kwa kilo 80 mapovu yanalala chini na mgonjwa anagusa godoro la chini. La mirija linabeba zaidi.

#13 Jatelo
Fundi anauza, sivyo? 😀

#14 FundiSponji
Nauza na ninasema ukweli, vyote viwili vinawezekana.

Kosa la kwanza la wanaonunua: kitufe cha uzito wanakiweka juu kabisa "liwe imara". Likijaa sana linakuwa gumu kuliko sponji. Anza na uzito wake, kisha pitisha mkono CHINI ya godoro la hewa, usawa wa matako, na yeye amelala juu. Unatakiwa uhisi hewa ya sentimita 2.5 au zaidi kati ya mkono na mwili wake. Chini ya hapo ongeza, juu sana punguza.

Kosa la pili: juu ya godoro la hewa wanaweka nailoni, blanketi, shuka mbili na pedi. Hewa inabadilishana huko chini bila yeye kujua. Shuka moja, iliyolegea, basi.

La tatu: bomba limekunjwa kati ya kitanda na ukuta, upande mmoja umekufa. Sikiliza pampu, kisha angalia safu zinapanda na kushuka kwa kupishana. Mengi yanazunguka kwa dakika 10 hivi.

#15 OmenaKavu
Na stima ikipotea?

#16 FundiSponji
Mengine yana kizibo cha kufungia mirija ya hewa; ukifunga mara moja linabaki na hewa kwa saa kadhaa, ingawa halibadilishani tena, kwa hiyo rudini kugeuza kwa saa kama kawaida. Pampu nyingi ndogo zinakula chini ya wati 10, betri ya sola yenye ukubwa wa kutosha na kigeuzi kidogo inaweza kuiendesha. Nunua na kipande cha kuziba matobo, kwa sababu mwanzoni mtu ataweka sindano au pini ya diapa kitandani.

#17 SistaMstaafu
Godoro la hewa halifuti kugeuza. Linaongeza muda, halibadilishi kazi. Watu wananunua, wanalala.

#18 BintiBahati
Mimi naona mnakimbilia mfupa haraka. Mleta mada, choo kikoje? Uji wa kwenye mpira huleta kuharisha, na mpira wa mkojo huvuja pembeni. Kidonda cha unyevu na cha kulalia vinachanganywa kila siku. Cha unyevu kiko kwenye mfereji wa matako na kinasambaa mpaka mapajani, hakina umbo, ni chekundu au cheupe kilicholowana, juu juu, kinawasha. Cha kulalia kiko juu ya mfupa, kina duara na ukingo. Ukikitibu kimoja kwa dawa ya kingine kinakuwa kibaya zaidi.

#19 MleziMigosi
Choo laini mara tatu kwa siku. Diapa inabadilishwa asubuhi, mchana na jioni. Lakini alama iko juu ya mfupa na ina duara.

#20 BintiBahati
Kwa choo cha mara tatu, diapa ikaguliwe kila baada ya saa mbili mnapomgeuza na ibadilishwe pale pale ikichafuka. Kusubiri zamu ni kuloweka ngozi. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, papasa kwa kitambaa laini usisugue, ikauke, kisha safu nyembamba ya krimu ya zinki au vaselini. Safu nene inaziba diapa isinyonye. Poda acha kabisa. Ikikutana na jasho inageuka chembechembe zinazokwaruza.

Unyevu pekee haukuleta zambarau, hapo namkubali Sista. Lakini ngozi iliyolowana inanata kwenye shuka, na huo mvuto wa Nyar Seme unaongezeka. Kwa hiyo nailoni ya mleta mada siitoi kwenye kesi. Nakuru hapa na baridi yetu makintoshi (shuka la mpira au nailoni) inavumilika, Kisumu mwezi wa pili ni kumpika mzee.

#21 OmenaKavu
Mnamlisha nini kwenye huo mpira?

#22 MleziMigosi
Uji wa mahindi na wimbi, mwepesi upite. Maziwa kikombe kimoja kwa siku.

#23 OmenaKavu
Hapo nimepata nilichokuwa natafuta. Mtu aliye kwenye hatari ya vidonda anahitaji protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo. Kilo 80 ni gramu 100 hadi 120 kwa siku, mradi figo zake ziko sawa. Milo 6 ya mililita 250 ni lita moja na nusu. Hata yote ingekuwa maziwa matupu ungepata kama gramu 50, kwa sababu mililita 250 za maziwa zina gramu 8 tu. Sasa uji mwepesi wa maji? Mzee anakula nyama ya mwili wake mwenyewe, na ya matakoni inaondoka mapema. Mfupa unabaki na ngozi.

Uji upikwe kwa maziwa badala ya maji, uongezwe maziwa ya unga, soya iliyosagwa laini sana, na unga wa omena (dagaa). Omena kavu karibu nusu ya uzito wake ni protini, na soko la Kibuye haikosi.

#24 MamaShinyalu
Tulijua jina lako litatuleta kwenye omena tu.

Unga wa omena kwenye mpira namba 14 utaziba kabla ya saa sita. Kama ni lazima: ondoa vichwa, chemsha, saga kwenye blenda pamoja na maji, chuja kwa kitambaa mara mbili, ndipo uchanganye. Na kila mlo utanguliwe na maji safi ya mililita 30 na ufuatwe na mengine 30. Dawa hivyo hivyo, kila kidonge kisagwe peke yake, maji katikati. Vidonge vya kuachilia dawa polepole visisagwe kamwe, muulize mfamasia.

Ukiziba: maji ya vuguvugu, bomba la sindano la mililita 50 au 60, vuta na sukuma taratibu. Bomba dogo la mililita 5 lina shinikizo kubwa, linapasua mpira. Soda msimwage humo, asidi yake inagandisha maziwa.

#25 Jatelo
Na kabla ya hayo yote hakikisha mpira uko tumboni. Alama ya kalamu pale puani iwe haijasogea, na ukivuta maji kidogo, karatasi ya kupimia asidi (pH) isome 5.5 au chini. Ile ya kupuliza hewa na kusikiliza tumbo haiaminiki. Alama ikisogea, usilishe, ita muuguzi.

#26 Section58
Turudi kwenye protini. Siku nne za uji mwepesi hazileti kidonda. Kama ni lishe, basi ni zile wiki tatu kabla. OmenaKavu anaeleza kwa nini hakitapona, haelezi kwa nini kimetokea.

#27 OmenaKavu
Na wewe na machela yako unaeleza kwa nini kimetokea kwa huyu lakini si kwa wengine wote wanaongoja bili. Wanaongoja wote. Mwenye nyama ananusurika.

#28 MleziMigosi
Samahani, kuna jambo sikuandika. Mtu wa mazoezi ya viungo alisema akalishwe kitini. Anakalishwa kwenye sofa la sebuleni, asubuhi saa mbili na jioni saa moja.

#29 NyarSeme
Saa mbili ya saa, au muda wa saa mbili?

#30 MleziMigosi
Muda. Asubuhi saa mbili mfululizo, jioni saa moja.

#31 Menengai77
Wee! Mpaka namba 28 ndiyo tunaletewa sofa?

#32 SistaMstaafu
Kukaa wima kunaweka uzito kwenye mifupa miwili ya makalio, si mkiani. Sofa halingeleta alama pale.

#33 NyarSeme
Sista, kukaa wima, ndiyo. Aliyepooza upande mmoja kwenye sofa laini hakai wima. Matako yanateleza mbele, mgongo unapinda kama herufi C, na mkia ndio unaogusa. Kiti kiwe kigumu chenye mikono, miguu ikanyage chini, magoti na nyonga vipinde digrii 90, mto upande uliopooza. Kwa kuanzia asizidi saa moja, na kila dakika 15 hadi 30 aegemezwe upande ili tako moja lipumue, kisha la pili. Na ule mto wa duara wenye shimo katikati msinunue. Unabana damu kuzunguka shimo, pale katikati panakufa njaa.

#34 MamaShinyalu
Glavu zilizojazwa maji chini ya visigino nazo zitupwe. Zinateleza, zinapasuka, na kisigino bado kimegusa kitu. Weka mto mrefu chini ya ndama ya mguu, kisigino kining'inie, karatasi ipite chini yake bila kukwama. Na mpira wa mkojo upite JUU ya paja, ubandikwe kwa plasta, usilaliwe. Ukilaliwa unaacha mfereji kwenye ngozi wenye umbo la mpira wenyewe, na mkojo hautiririki. Mfuko uwe chini ya kibofu, usiguse sakafu.

#35 BintiBahati
Kuna aliyesema vipi mngeiona mapema? Kwenye ngozi nyeusi msitafute wekundu, mtasubiri sana. Kila mnapomgeuza, tochi ya simu kwa pembeni, tafuteni sehemu iliyo nyeusi kuliko jirani yake au inayong'aa. Gusa kwa mgongo wa mkono: pana joto au baridi tofauti? Bonyeza: pagumu, au kama chapati iliyolala? Bonyeza kidole sekunde chache na uachie. Ila kwenye ngozi nyeusi rangi inaweza isibadilike hata pazima, kwa hiyo msitegemee kipimo hiki peke yake.

#36 Jatelo
Wanaofuta spirit na kusugua hapo "damu izunguke", tafadhali. Kusugua juu ya mfupa kunachana mishipa iliyokwisha kujeruhiwa. Spirit inakausha. Mafuta ya kupaka taratibu pembeni, sawa, juu ya alama, hapana.

#37 MleziMigosi
Asanteni. Kwa sasa nifanye nini na hiyo alama yenyewe?

#38 SistaMstaafu
Asilalie mgongo hata dakika moja isiyo ya lazima, na mlo apewe akiwa ubavuni kama alivyosema Mama Shinyalu. Sofa lisimame mpaka kitini pasahihishwe. Piga picha ukiwa umeweka rula kando, andika tarehe, upana na urefu kwa sentimita. Kesho tena, mwanga ule ule. Usipasue lengelenge likitokea. Usifunge bandeji nene. Muuguzi aione ndani ya siku mbili, na umwambie mapema kwamba aina hii inaweza kufunguka ghafla ikawa shimo hata mkifanya yote vizuri, ili familia isije kusema mmeiharibu wiki ijayo. Homa, harufu, usaha, au ngozi ya pembeni kuwa moto na kuvimba, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Ikifunguka, kuosha ni kwa maji ya chumvi: lita moja iliyochemka na kupoa, chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu. Dawa nyingine aamue muuguzi.

#39 OmenaKavu
Mhamasishaji wa afya wa kijiji anaweza kuja kufunga?

#40 SistaMstaafu
Yule ana mkoba wa kupima presha, sukari na joto, na anajua njia ya kukuunganisha na zahanati. Kidonda cha kina si kazi yake. Wala kubadilisha mpira wa mkojo si kazi ya mlezi wa nyumbani, hata familia ikisema "mbona wa jirani anabadilisha". Wa lateksi huwa wiki 2 hadi 4, wa silikoni unafika wiki 12. Andika tarehe uliowekwa kwenye mfuko.

#41 Menengai77
Huyo wa jirani pia anafua nguo za nyumba nzima na kupikia wageni. Ndiyo maana nasema mkono haupiti usiku: mlezi ameamka saa kumi na moja, amefua, amepika, saa nane usiku ageuze kilo 80 peke yake. Kazi iandikwe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

#42 Section58
Na glavu ni za mwenye nyumba. Boksi la 100 ni jozi 50, na diapa inabadilishwa mara 6 hadi 8, glavu jozi moja kila mara, usafi wa mdomo jozi nyingine. Boksi linamalizika ndani ya wiki moja hivi. Liwekwe kwenye bajeti kabla ya kuzungumzia mshahara.

#43 FundiSponji
Mleta mada, kitanda ni futi ngapi kwa ngapi? Godoro la mirija la kawaida ni sentimita 200 kwa 90. Kama ni cha 5 kwa 6 litaelea katikati na atabingirika.

#44 Jatelo
Nilisema anauza.